Gitaa la Umeme Usiku, Jirani Akiwa Amelala

Maswali ya wasomaji: muziki na mitambo ya sauti

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wapiga gitaa, na karibu kila moja ina jirani ndani yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana wengi mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Nimepanga chumba Manzese, nyumba ya vyumba sita, na mchana niko kazini, kwa hiyo nafasi ya kurekodi naipata kuanzia saa nne usiku. Ampu yangu ni ya wati 15. Nikiifungua kidogo tu mama mwenye nyumba anagonga mlango, nikiipunguza toni inakufa. Nimejaribu kuchomeka gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu, nikapata sauti nyembamba, na nikiweka distosheni inalia kama nyuki ndani ya kopo. Rafiki yangu ananishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nifanyeje?
*Mpiga solo, Manzese*

Marahaba, mwanangu. Trei za mayai waachie wauza mayai. Trei ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu humo chumbani, lakini sauti ya kutoka nje haiizuii. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba kila upenyo. Sasa inua macho utazame juu ya ukuta wako. Nyumba zetu nyingi za kupanga, kuta za kugawa vyumba hazifiki kwenye bati. Juu kuna dari jepesi, au hakuna dari kabisa. Sauti inapanda, inavuka juu ya ukuta, inashukia kitandani kwa jirani. Hata ukibandika trei chumba kizima, njia hiyo iko wazi. Halafu kuna besi: nyuzi ya sita ikipigwa wazi hutikisika mara 82 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 4. Godoro ukutani halilisimamishi.

Kwa hiyo usipigane na ukuta. Sauti isitoke kabisa kwenye spika. Ipite kwenye waya, wewe uisikie kwenye hedfoni.

Najua kuna wapiga gitaa watakaokwambia kwamba bila ampu kubwa hakuna toni. Si kweli, na muziki wenyewe ni shahidi. Mwaka 1968 The Beatles, kwenye studio za EMI za Abbey Road, London, walichomeka magitaa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti na kuizidishia nguvu makusudi mpaka ikapasuka. Hiyo ndiyo distosheni iliyotoka kwenye sahani. Nile Rodgers wa kundi la Chic, ambaye ridhimu yake imechezwa dunia nzima, ni maarufu kwa kurekodi gitaa safi kwa waya ulioingia mezani moja kwa moja. Na wewe unapiga dansi, muziki ambao gitaa lake ni safi. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz: solo limekaa juu, halina unene mwingi wala distosheni ya kuficha kidole, na kila noti inasikika mbele ya saksafoni. Toni ya namna hiyo inapatikana chumbani kwako saa sita usiku.

Shida yako ya kwanza ni tundu. Pikapu ya gitaa ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na umeme wake ni dhaifu. Ukiuingiza kwenye tundu lenye ukinzani mdogo, sauti za juu ndizo hufa kwanza. Tundu la maiki la laptopu ndivyo lilivyo. Gitaa linataka tundu lenye ukinzani wa karibu ohmu milioni moja, na saundi kadi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) nyingi za kawaida, hata zile za matundu mawili, zinalo: limeandikwa "Inst" au "Hi-Z", au lina picha ya gitaa. Wakati mwingine ni kitufe cha kubonyeza kwenye tundu lilelile la maiki, na watu wanarekodi miezi bila kukibonyeza. Kama kadi huna bado ila bendi ina mikisa, pitisha gitaa kwenye pedali ndogo ya umeme kwanza. Pedali nyingi za Boss, hata zikiwa hazijakanyagwa, zinapokea gitaa vizuri na kutoa umeme wenye nguvu ambao mikisa inaupokea bila kula trebo, yaani sauti za juu.

Kiwango cha kuingilia usikipime kwa kupapasa nyuzi. Piga kwa mkono ule mzito utakaoutumia kwenye sebene, halafu rekebisha mpaka vilele viguse kama desibeli −12 kwenye mita ya programu. Ukiipanga programu irekodi kwa biti 24 (24-bit), hakuna haja ya kukaribia sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mita. Ikigonga sifuri sauti inakatika, na hakuna dawa ya baadaye.

Sasa nyuki. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Kuanzia karibu mizunguko 5,000 kwa sekunde inaporomoka ghafla. Distosheni inazaa mikwaruzo mingi sana ya juu, na siku zote ni spika inayoichuja kabla haijafika sikioni. Ulipochomeka gitaa kwenye laptopu uliiondoa spika, ukabaki na mikwaruzo yote. Ndiyo maana mtu anaweza kununua programu tano za ampu na bado asipate kitu: anatafuta ampu, kumbe aliyekosekana ni spika.

Dawa yake ni faili la spika, lile watu wa studio wanaloliita IR. Ni rekodi fupi mno, chini ya sekunde moja, iliyobeba tabia ya spika fulani ndani ya kabati lake ikisikika na maiki fulani. Yapo ya bure mengi. Unaliweka kwenye plagini (programu ndogo ndani ya programu ya kurekodia) ya kulisoma, mwisho wa mnyororo: gitaa, kisha pedali, kisha ampu ya programu, kisha spika. Kwa ampu ya programu ipo Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, inapatikana bure, na watu wamenasa ampu za kila aina wakaziachia huru. Angalia maelezo ya kila faili la ampu unalolichukua. Lingine limenaswa pamoja na spika yake, na ukiongeza IR juu yake unakuwa na spika mbili, sauti inajifunika blanketi. Programu ya kurekodia, Reaper, unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Laptopu ikiwa ya zamani na ikaanza kukatakata sauti, badilisha ampu uchukue nyepesi, usiilazimishe.

Kwa toni ya dansi mimi ningeanza hivi: ampu safi, geni (kitufe cha nguvu ya kuingilia) chini, kompresa kidogo ili noti ndogo na kubwa zilingane, dilei fupi inayosikika kwa mbali tu. Kata kila kitu chini ya mizunguko 100; huko mwenyewe ni mpiga besi na ngoma. Chagua pikapu ya daraja pamoja na ya katikati. Halafu usiihukumu toni ikiwa peke yake. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa. Toni tamu ya kulalia usingizi ukiwa peke yako, nene, yenye besi na mwangwi, ikiingia kwenye nyimbo yenye ridhimu, sekondi solo na besi inatoweka. Washa biti na gitaa la ridhimu, hata la kubahatisha, ndipo uguse ikwaliza, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha besi na trebo.

Jihadhari na sikio la usiku. Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio halisikii vizuri besi na sauti za juu sana. Unapofanya kazi kwa hedfoni ya chinichini utaongeza besi na trebo bila kujua, asubuhi ukisikiliza kwenye redio unashangaa. Kwa hiyo weka pembeni rekodi unayoipenda, kwa sauti ileile ya chini, uwe unahama kati yake na yako.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo zuri kuliko yote: rekodi gitaa kavu. Yaani programu ihifadhi gitaa jinsi lilivyotoka kwenye waya, wakati wewe masikioni unasikia ampu. Ampu utaibadilisha hata wiki ijayo na mkono wako ukabaki uleule. Na kwa kuwa una bendi, nenda na laptopu kwenye ukumbi wa mazoezi mchana, toa lile gitaa kavu kwenye saundi kadi, punguza kiwango sana, lipitishe kwenye pedali, liingie kwenye ampu ya ukumbini, uweke maiki mbele yake. Ampu inapiga solo ulilolipiga usiku, wewe umesimama unachagua toni kwa mikono miwili. Kwa watu wa studio ni jambo la kila siku, ila sijui kwa nini kwenye bendi zetu halijazoeleka.

Pamoja na hayo, usiku huo kumbuka gitaa lenyewe lina kelele zake: mguu unaogonga sakafu kufuata biti, na plektra kwenye nyuzi. Vua viatu, weka mkeka chini ya mguu. Na mama mwenye nyumba mweleze unachofanya. Akijua kwamba hutawasha tena ampu usiku, hata ule mchana wa Jumapili unaouhitaji atakupa kwa moyo mweupe.

Habari mwalimu? Niko Nairobi, naishi kwa flati, ghorofa ya tatu. Nimenunua ampu ya mtumba ya valvu, wati 50, na msimamizi wa ploti ashaniita mara mbili. Mwenzangu anasema niiuze nichukue ya wati 5, shida itaisha. Mwingine anasema nichomoe waya wa spika nitumie tundu la nyuma kuingiza kwa kompyuta. Nani ako sawa?
*Mpenda blues, Nairobi*

Nzuri ndugu yangu. Hakuna aliye sawa, na wa pili anaweza kukuunguzia ampu.

Ampu ya valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza umeme wa gitaa, ina transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo inategemea kuwa na mzigo, yaani spika. Ukichomoa spika huku unapiga, umeme unakosa pa kwenda, unapanda, na unaweza kuua transfoma na valvu. Kuna ampu chache zilizotengenezwa kuvumilia hilo, na kitabu chake kitasema waziwazi. Kama hakisemi, usijaribu. Wala usiifungue mwenyewe kuangalia ndani: kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa volti mamia hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kuhusu wati 5: sikio halihesabu kama mita. Kutoka wati 50 kwenda wati 5 umepunguza desibeli 10, na sikio linasikia kama nusu tu ya kelele. Nusu ya kelele iliyokufanya uitwe bado ni kelele ya kuitwa, tena ghorofani, ambako ampu iliyokaa sakafuni inatikisa zege na mtu wa ghorofa ya pili anaisikia darini kwake. Kwa valvu, hata wati 1 kwenye spika nzuri ni kubwa kwa flati usiku.

Unachohitaji ni kisanduku cha mzigo. Kinakaa mahali pa spika, kinakula umeme wa ampu na kuugeuza joto, kisha kinatoa waya wa kuingia kwenye saundi kadi. Hakikisha ohmu zake zinalingana na ampu yako na kinabeba wati zaidi ya 50, maana ampu ya wati 50 ikisukumwa inavuka hapo. Vingine vina faili za spika ndani. Visivyo nazo utaweka IR kwenye kompyuta kama nilivyomweleza ndugu wa Manzese. Hapo valvu zinafanya kazi kwa nguvu yote, ile blues unayoitafuta inatoka, na flati iko kimya. Bei yake si ndogo. Kama huna uwezo kwa sasa, ampu ya programu itakupeleka mbali kuliko unavyofikiri, na ile ya valvu ibaki kwa ajili ya jukwaa. Usisubiri msimamizi akuite mara ya tatu: Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, na jirani akilalamika atasikilizwa.

Mwalimu, gitaa langu linaunguruma hata nisipolipiga. Nikigusa nyuzi linapungua. Nimebadilisha waya, bado. Nikirekodi, muungurumo unasikika kwenye kila mapumziko ya nyimbo. Gitaa ni bovu?
*Kijana wa Nyakato, Mwanza*

Gitaa lako halina ubovu, mwanangu, na kule kupungua ukigusa nyuzi ni kawaida. Pikapu za koili moja zinanasa umeme wa nyumba, unaozunguka mara 50 kwa sekunde, kutoka kwenye nyaya, transfoma, chaja na taa. Seth Lover alibuni pikapu ya koili mbili pale Gibson mwaka 1955 kwa sababu hiyohiyo: koili mbili zinanasa muungurumo kwa mkao unaopingana, ukajifuta wenyewe.

Kabla hujanunua chochote, keti na gitaa, vaa hedfoni, ujizungushe polepole kwenye kiti. Utasikia muungurumo unapanda na kushuka, na kuna upande mmoja ambao karibu unatoweka. Rekodi ukitazama upande huo. Sogea mbali na laptopu kadiri waya unavyoruhusu. Zima taa ya chumba kwa dakika moja usikilize. Taa nyingine za bei rahisi zinaleta muungurumo mbaya sana. Chaja ya simu ichomoe, simu iweke chumba kingine, laptopu itumie betri. Kama gitaa lina pikapu tatu za mtindo wa Stratocaster, jaribu swichi kwenye nafasi ya pili na ya nne: kwenye magitaa mengi pikapu ya katikati imezungushwa kinyume, kwa hiyo hapo muungurumo unajifuta.

Hili sikiliza vizuri. Ukigusa nyuzi ukahisi kushtuliwa, hata kidogo, au muungurumo ukaongezeka unapogusa, acha kupiga siku hiyo na mwite fundi umeme aangalie ethi ya nyumba. Kuna watu wanakata mguu wa ethi kwenye plagi ili muungurumo uishe. Usifanye hivyo kamwe. Ule waya ndio unaokulinda, nyuzi za chuma ziko mkononi mwako.

Baada ya hayo, katika mapumziko ya nyimbo kata rekodi kwa mkono kwenye programu. Ni kazi ya dakika chache na haiharibu mikia ya noti kama zile plagini za "noise gate", milango inayojifunga yenyewe sauti ikishuka.

Mwalimu, nikipiga nasikia gitaa limechelewa, mkono uko hapa sauti iko kule. Natumia hedfoni za bluetooth ili nisisumbue mtu.
*Msomaji, Dodoma*

Ni hizo hedfoni. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100. Hakuna mpigaji anayeweza kukaa kwenye biti hapo. Tumia hedfoni za waya, zichomeke kwenye saundi kadi yenyewe. Kisha weka bafa ya programu (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa) kwenye 128 ukirekodi, ambayo ni chini ya milisekunde 3 kila upande, na uipandishe unapochanganya. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO iliyokuja na kadi, yaani programu ya kuiunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sana. Jumla ikiwa milisekunde 10 ni kama umesimama mita 3 na kidogo kutoka kwenye spika, na hilo umelizoea jukwaani.

Assalam alaykum mwalimu. Mimi nimekubaliana na majirani: Jumamosi saa nne asubuhi mpaka saa sita napiga nitakavyo. Nina ampu ndogo ya wati 10 na maiki moja ya SM57. Lakini nikirekodi, sauti mara kali ya kuchoma masikio, mara butu. Maiki niiweke wapi?
*Binti wa Tanga*

Waalaykum salaam, binti yangu. Hongera kwa kuongea na majirani kabla hawajaongea na wewe. Na maiki unayo. SM57 ipo tangu 1965 na imekaa mbele ya ampu za gitaa kuliko maiki nyingine yoyote ninayoijua.

Chukua tochi ya simu, imulike kwenye kitambaa cha mbele cha ampu kwa ubavu. Utaiona spika ndani. Katikati ina kofia ndogo ya mviringo, na kuzunguka kofia ni karatasi inayopanuka kama faneli. Sauti kali iko katikati ya kofia. Ukielekea ukingoni mwa karatasi inazidi kuwa butu. Wewe umekuwa ukiweka maiki popote, leo katikati, kesho ukingoni. Anzia pale kofia inapokutana na karatasi, ncha ya maiki ikiwa vidole viwili kutoka kwenye kitambaa, imenyooka. Rekodi kipande kifupi. Isogeze upana wa kidole kimoja kwenda nje, rekodi kipande kilekile. Kisha kimoja kwenda ndani. Vitufe vya ampu usiviguse wakati huo, la sivyo hutajua kilichobadilisha sauti. Ukisogea karibu zaidi na kitambaa besi itaongezeka, ndivyo maiki za aina hiyo zilivyo; ikizidi rudi nyuma kidogo kabla hujakimbilia ikwaliza.

Ampu ipandishe kwenye kiti juu ya blanketi lililokunjwa, isikae sakafuni. Usiifungie kabatini, sauti itanuka sanduku. Ifungue milango ya kabati na uielekeze kwenye nguo, zitanyonya mwangwi. Na kwa kuwa Tanga kuna unyevu wa bahari, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Nyuzi zilizoshika kutu zinakuwa butu, na ukizirekodi utalaumu maiki bure.

Ukishapata mahali panapokupendeza, bandika kipande cha selotepu kwenye kitambaa cha ampu na uandike umbali, pamoja na mahali vitufe vilipokaa, ili Jumamosi ijayo zile saa mbili uzitumie kupiga.